Ubeti wa Kufunga Mkeka

Jamani, mmeniuliza mmoja mmoja, nami nimemjibu kila mtu kipande. Aliyenikuta sokoni alipata habari za boti. Shoga yangu wa saluni alipata habari za pweza tu, maana siku hiyo sikuwa na moyo wa kusema zaidi. Sasa nimekaa niandike yote kwa pamoja, mpitishiane kwenye simu zenu, mniache nipumzike.

Mnanijua kwa kibanda changu hapa Kilosa, karibu na stendi, ninapowawekea nyimbo kwenye memori kadi na kuwaonyesha filamu Jumamosi. Mnajua pia nilivyo mgonjwa wa muziki. Simu yangu imejaa sauti ambazo hakuna mteja atakayezinunua: mchi kinuni, mvua kwenye bati, muuza mihogo anavyoita watu asubuhi. Katika zote, niliyoipenda zaidi ni ya mama yangu, Bi Zuhura, akiimba wimbo wa kwao Mafia huku akisuka ukili barazani. Ukili, kwa wasiojua, ni ule utepe mrefu wa majani ya ukindu ambao vipande vyake vikishonwa ubavu kwa ubavu vinakuwa mkeka. Jioni zote za utoto wangu Mama alisuka, akauviringisha utepe wake kama gurudumu, akaurudisha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Sikuwahi kumwona akishona mkeka. Nilidhani ni mazoea yake tu, kama wengine wanavyotafuna karafuu.

Wimbo wenyewe ulianza hivi:

Suka nisuke, mwenzangu, ukili bado mrefu;
ukitangulia wewe, nitashika ncha ya pili.

Zilifuata beti nyingine, halafu kila mara aliishia pahala palepale, sauti ikiwa bado juu, kama mtu aliyeitwa mlangoni. Nikimuuliza mwisho wake uko wapi, alijibu, "Mwisho anao Mwajuma, kule Juani." Mwajuma alikuwa rafiki yake wa ujana, kabla baba hajamwoa na kumleta huku bara.

Mwaka huu Mama akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukafungika. Hapo ndipo filamu ziliponiponza. Nimeonyesha filamu za Kihindi nyingi mno, na nyinyi mmelia nami humohumo kibandani: ndugu waliopoteana wanatambuana kwa wimbo wa utotoni, mama aliyelala kama maiti anafumbua macho mwanawe akifika kwenye kiitikio. Nilijiambia kwamba Mama akiusikia wimbo wake mpaka mwisho, ulimi utafunguka. Mnaweza kucheka. Kaka yangu Hamisi alicheka kwa niaba yenu, kisha akakubali kumuuguza Mama nikiwa safarini. Nikatia spika yangu ndogo kwenye mkoba, nikaondoka.

Kilosa hadi Nyamisati

Basi letu liliharibika kabla ya Morogoro, la pili likaharibika baada ya Kibiti, na katikati sina la kusimulia. Nyamisati nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikaambiwa boti haiondoki mpaka maji yajae. Nilitazama, nikaona matope na mikoko, na boti imekaa kama ng'ombe aliyegoma.

Nikaenda kwa mama ntilie mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akanipa wali na kamba wadogo waliokaangwa na vitunguu. Nasema haki, kamba wale walikuwa watamu kiasi cha kunisahaulisha mgonjwa kwa muda. Yeye aliitazama spika yangu.

"Wewe msanii? Unakwenda kupiga taarabu kwenye harusi?"

"Hapana, mama. Mimi mpenzi wa muziki tu."

"Mpenzi wa muziki anayebeba spika ni msanii anayeogopa kuombwa. Hebu imba kidogo."

Nikaimba. Mnaijua sauti yangu, ni debe linaloburutwa juu ya kokoto. Mama ntilie alisikiliza kwa adabu, akanifunikia sahani isije ikaingia inzi.

"Basi wewe utakuwa fundi mitambo," akasema.

Tulicheka wote wawili. Nawaambieni hilo kwa sababu ndicho kicheko cha mwisho nilichokicheka sawasawa katika safari ile.

Baharini

Maji yalijaa, boti ikatoka kwenye mikoko, na nusu ya abiria wakaanza kutapika. Mimi tumbo langu lilitulia, nikapata wazo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilijiambia, humu ndani lazima yupo Mmafia anayeufahamu wimbo wa Mama. Nikawasha spika.

Sauti ya Mama ikatoka, na nyuma yake sufuria zikigongana, jogoo wa jirani, na kikohozi cha Hamisi. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu. Mwanamke aliyeketi mbele yangu, amejifunga kanga mbili na mtoto mgongoni, akageuka.

"Zima hiyo," akasema taratibu. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, dada. Ni wimbo ambao mama yangu alikuwa akinilazia nilipokuwa mdogo."

"Akikulazia wewe?"

"Ndiyo."

Dada yule akamtoa mtoto mgongoni na kumpakata kifuani. Wanawake wawili wa pembeni wakasogea mbali kidogo. Nilidhani wananikasirikia kwa kelele, maana kwenye vyombo vya usafiri watu hawapendi spika. Nikazima, nikaomba radhi. Yule dada akaitikia kwa kichwa, na hatukusemezana tena mpaka Kilindoni.

Kilindoni hadi Juani

Kilindoni niliuliza njia kwa mwenye duka la mikate. Bodaboda akanipeleka Utende, katikati ya minazi, akinisimulia habari za mke wake muda wote bila kugeuka, jambo nililomshukuru. Pale Utende mtumbwi ulikuwa umejaa magunia ya unga ukielekea Chole, nikaketi juu ya magunia. Chole mvua ikanishika. Nikajibanza kwenye kibaraza cha watu nisiowajua, wakaniletea chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha kabla hawajaniuliza jina. Walipojua ninakwenda Juani kwa Bi Mwajuma, mzee wa nyumba aliweka kikombe chake chini.

"Wewe ni mtu wake?"

"Ni rafiki wa mama yangu."

"Hana marafiki yule. Alikuwa na mmoja, akaolewa bara."

"Huyo ndiye mama yangu."

"Basi nenda taratibu," akasema. "Ana hasira za siku nyingi."

Maji yalipokupwa tulivuka kwa miguu kwenda Juani, mimi na kina mama waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mwani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Hao ndio walionionyesha nyumba.

Kwa Bi Mwajuma

Nilimkuta barazani, mwanamke mwembamba mwenye ukungu katika jicho moja, anachambua ukindu kwa vidole tu bila kuutazama. Nikabisha hodi, nikaamkia.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Rehema, mama. Rehema binti Zuhura."

Vidole vikasimama. Hakunikumbatia, hakulia. Alisema, "Miaka yote hiyo hata salamu. Kaa."

Nikakaa. Akanipikia pweza wa nazi na wali, akanitazama nikila, akaninyima maneno mpaka nimenawa. Huo ni ustaarabu wa watu wa huko hata wakiwa na hasira nawe: mgeni kwanza ashibe. Ndipo nikamweleza yote, kiharusi, ulimi, wimbo usio na mwisho, na kwamba nimekuja kuurekodi. Nikatoa simu, nikaiweka baina yetu.

Bi Mwajuma aliitazama simu kama mtu anavyotazama kaa aliyeingia ndani.

"Mama yako anaamka?"

"Haamki."

"Anasema?"

"Hasemi."

"Basi tushone."

Aliingia chumbani, akarudi amekumbatia bunda kubwa la ukili, la manjano kwa ukongwe, limeviringishwa kama lile la kwenye sanduku letu la bati. Nikamuuliza tunashona nini. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

Kwao, akasema, mtu hajisukii mkeka wake wa mazishi. Wasichana wawili wanaopendana hushikana mikono, kila mmoja akaanza kumsukia mwenzake ule mkeka atakaolazwa juu yake kwenye jeneza. Wanausuka kidogo kidogo umri wao wote, na wanapousuka huimba wimbo ule. Haushonwi kamwe mpaka mwenyewe ameshindwa kuamka. Siku hiyo yule aliyemsukia hushona, na akifunga fundo la mwisho huimba ubeti wa mwisho wenye jina la mwenzake. Mwenyewe akiwa bado anasikia, huimbiwa sikioni. Ubeti ule hauimbwi bila mkeka, wala mkeka haufungwi bila ubeti.

"Huu ni wa Zuhura," akasema, akiweka kiganja juu ya bunda. "Nimeusuka tangu hatujavunja ungo. Wangu anao yeye. Upo?"

Nilikuwa nikiliona sanduku la bati, na mikono ya Mama jioni zote zile, na mimi mtoto nimelala pajani pake nikibembelezwa kwa wimbo wa jeneza la mwanamke nisiyemjua.

"Upo," nikasema baadaye.

Akavuta pumzi ndefu. Nadhani aliisubiri habari hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtoto mwema, lakini hasira zilinipanda. Nikamwambia sikuja kuchukua mkeka wa maiti. Mama yangu yu hai. Nimekuja kutafuta dawa, yeye ananipa jeneza. Nikamwomba auimbe ule ubeti tu, mara moja, kwenye simu, mkeka tuuache ulivyo.

"Simu haishoni," akasema.

"Mama, ni maneno mawili matatu."

"Ndiyo. Na ukimwimbia mtu maneno hayo mkeka wake haujafungwa, umemfukuza nyumbani hana pa kulala. Siwezi. Zuhura hakunikosea kiasi hicho."

Nikaondoka kwa hasira bila kuaga, nami nimetoka kula chakula chake.

Juani, upande wa bahari

Nilitembea mpaka wanapoanika mwani, nikakaa juu ya jiwe. Mtandao ulipatikana hapo kwa kubahatisha. Nilikuwa nikipanga kurudi na beti nilizokuwa nazo, nimchezee Mama, nione. Katika filamu, mtoto akifika na nusu ya wimbo, nusu ya pili humjia mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa nikiamini hivyo, mtu mzima mimi, mwenye mvi.

Simu ikaita. Ni Hamisi.

"Dada, unarudi lini?"

"Karibuni. Hali ikoje?"

"Uji amekataa. Anafumba mdomo kabisa. Halafu kuna jambo silielewi. Ule mkono mzima hautulii. Ameichana shuka, anavuta nyuzi, anazipanga tatu tatu kifuani. Nikimwondolea anatokwa machozi. Daktari anasema ni kuchanganyikiwa."

Nilimwambia asimwondolee. Nikarudi kwa Bi Mwajuma, nikamkuta palepale, bunda liko palepale. Nilimsimulia habari ya nyuzi, na nilipokuwa nikisimulia nilijua tayari.

"Anasuka," Bi Mwajuma akasema, na sauti yake ikapasuka kwa mara ya kwanza. "Anausuka wangu. Hana mkono wa pili, anautafuta wa kwangu."

Nikaketi chini kwenye jamvi. Nikasema, "Nifundishe kushona."

Kushona

Mkeka hushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa butu, na uzi wa ukindu uleule. Ukili mmoja mrefu unakunjwa, ubavu unaungwa na ubavu, mpaka utepe unakuwa kitu cha kulaliwa. Bi Mwajuma alishona upande wake, mimi upande wangu, na kila niliposhona vibaya alifumua bila kunipigia kelele. Kina mama wa jirani walikuja wakakaa nasi. Hawakuja kusaidia, maana hawaruhusiwi kugusa. Walileta mihogo ya nazi na samaki wa kuchoma, wakaitikia beti, na mmoja akaniambia wimbo huu kwao haupigwi ovyo, ukisikika njiani watu huuliza nani amekufa. Nikamwambia nimeshaambiwa hivyo kwenye boti, ila sikusikia.

Wakati wote ule Bi Mwajuma alikuwa akinisemesha kumhusu Mama, na ndipo nilipomjua mama yangu msichana: mwizi wa maembe, mwoga wa ngalawa, aliyelia siku ya kwenda bara mpaka akawakosesha maji ya kupwa ikabidi wasubiri tena. "Aliniahidi atarudi tushonane," akasema. "Mimi nilimwahidi sitamsukia mtu mwingine. Yeye bahari ilimshinda, mimi nimekaa na ahadi yangu." Hakuna aliyetaka kuwa mwenzake baada ya hapo, na yeye hakumtaka yeyote.

Mkeka wa namna hii haupindwi upande mmoja. Mikeka yenu ya nyumbani imepindwa pande zote nne, lakini huu miisho ya upande wa miguu inaachwa wazi, na ukiuona hivyo unajua ni wa nani. Tulipofika kwenye fundo la mwisho, pembeni kabisa, wanawake wakanyamaza. Bi Mwajuma akanishika mkono, akaniambia yeye hawezi kufika Kilosa, magoti hayapandi basi. Nitafunga mimi kwa mkono wake, na sikioni kwa Zuhura nitaimba mimi. Ubeti hurithiwa na binti.

"Mama, mimi siimbi. Sauti yangu mbaya."

"Nani aliyekuambia ni muziki?"

Nikamfuatisha neno kwa neno, mkono wake juu ya wangu, tukivuta uzi:

Zuhura, mkeka kwisha, ncha yako nimeishona;
nenda, usiningojee, nyuma yako nimebaki.

Simu yangu ilikuwa mkobani, imezimwa. Mimi ninayerekodi hata mvua, ubeti ule sikuurekodi.

Wanawake waliinuka mmoja mmoja wakachukua sahani zao wakaenda. Bi Mwajuma aliuviringisha mkeka, akaufunga kwa kipande cha kanga, akanipa na ile shazia yake.

"Sasa wangu unao wewe," akasema. "Usiushone kabla ya wakati. Na usinisahau, mimi sasa ni mwenzio."

Kurudi

Upepo ulichafuka, boti zikazuiliwa. Nikakaa Kilindoni nikisubiri, nyumbani kwa jamaa wa Bi Mwajuma ambao walinilisha vizuri na kuniambia subira huvuta heri mpaka nikatamani kuwafokea. Kila Hamisi alipopiga nilisikia kwanza pumzi yake kabla ya maneno. Maji ya kijiko ndiyo yaliyokuwa yakipita, basi.

Boti ilipopatikana nilipanda na mkeka wangu begani, ule upande usiopindwa ukionekana. Msukumano wote wa ngazini ukakoma. Watu wakanipisha. Mzee mmoja mwenye kofia akanishika bega, "Pole, binti. Ni nani?"

"Mama yangu."

"Mungu amrehemu."

"Hajafa."

Akaondoa mkono wake. Baadaye akanijia mwingine, "Poleni kwa msiba," nikamjibu hajafa. Wa tatu vilevile. Baharia akaja kuuchukua mkeka usilowe, akauweka juu, mahali pakavu kuliko pote, akaunyoosha kuelekea kibla. Hakuna aliyeketi karibu nao. Kufikia Nyamisati nilikuwa nimechoka kusema hajafa, nikawa naitikia tu, "Ahsanteni." Ilikuwa rahisi zaidi, na kila nilipoitikia nilihisi namuua kidogo kidogo kwa mdomo wangu.

Yule mama ntilie aliniona nashuka. Hakuniomba niimbe. Alinifungia wali kwenye mfuko, akaniambia nitakula mbele ya safari.

Kilosa

Nilimkuta hai. Hamisi alikuwa amekonda kumzidi mgonjwa. Mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa juu ya shuka, ukipanga nyuzi.

Nilimwosha uso, nikamweleza nimetoka wapi. Macho yalinifuata. Nikautandaza mkeka kando yake kitandani, nikauchukua ule mkono, nikauweka juu. Mkono ukatulia. Kisha ukaanza kutembea, taratibu sana, ukifuata mishono mmoja baada ya mwingine, ukapapasa upande usiopindwa, ukapita, ukarudi, mpaka ukalifikia fundo pembeni. Ukalishika.

Hapo bado ningeweza kunyamaza. Nawaambieni kweli, sehemu ya moyo wangu bado ilikuwa kibandani, inangoja kiitikio, inangoja afumbue mdomo aniite Rehema. Hamisi alisimama mlangoni akiniangalia kama mnavyoliangalia pazia filamu ikikaribia mwisho. Nikainama, nikamwimbia sikioni kwa sauti yangu ya debe, beti zote, na nilipofika pale alipokuwa akikatisha siku zote, nikaendelea.

Ulimi haukufunguka. Mama alifumba macho, machozi yakamtoka upande ule mzima, na akaliachia fundo. Mkono wake haukusuka tena tangu saa ile. Nyuzi za shuka zilibaki kifuani, sikuziondoa.

Hakuishi sana baada ya hapo, mnajua wenyewe, mlikuja kuzika. Wengine mliuliza mkeka ule wa jenezani mbona haujapindwa, fundi wake nani. Sasa mmejua.

Mmeniuliza pia mbona kibanda hakipigi muziki. Nitapiga, msiwe na haraka. Kwa sasa jioni nalivuta lile sanduku la bati, nautoa ukili wa Bi Mwajuma, na pale Mama alipoachia naendelea kusuka, vibaya vibaya, kwa ukindu wa mto wetu. Naimba beti za kwanza tu.

Juzi nikiwa barazani simu iliita, namba ya mtu wa Juani. Ilikuwa sauti ya Bi Mwajuma, amelazwa, nadhani, maana ilitoka chinichini.

"Zuhura aliusikia?"

"Aliusikia, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Nikasikia mtu akimpa maji. Kisha akaniuliza kama ile shazia bado ninayo.